Chombo Kisicho na Kazi

Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia zake. Ulikuja alfajiri, ukakaa mpaka saa nne, kisha ukaondoka; siku nyingine uliondoka saa tatu bila kuaga mtu. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi Fundi Michi alikuwa ameshasimama mbele ya mashine yake ya kukereza, patasi mkononi, hajanywa hata chai, na mbele yake gogo la mjakaranda likizunguka kwa kishindo kama mtu mnene anayeshuka ngazi.

Gogo lilikuwa bado halijakaa sawa. Upande mmoja ulikuwa mzito, mwingine mwepesi, na mashine nzima ilitetemeka hata makopo ya gundi kwenye rafu yakawa yanasogea polepole kuelekea ukingoni. Kila baada ya dakika chache fundi alinyoosha mkono wa kushoto bila kutazama, akayarudisha nyuma, akaendelea.

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye nyusi zilizojaa vumbi la mbao. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekereza michi ya kutwangia, miguu ya viti, nguzo za ngazi na mipini ya majembe, na kwa kuwa michi ndiyo iliyotoka sana, watu walilisahau jina lake wakamwita kwa bidhaa. Lakini leo hakuwa anakereza mchi. Leo alikuwa anatengeneza kitu kisichokuwa na kazi yoyote duniani, na alitakiwa akimalize kabla ya saa kumi jioni.

Mambo yalianza na barua. Banda lile refu la mabati, lenye mafundi kumi na wanne, lilikuwa mali ya halmashauri, na halmashauri ilikuwa imeamua kuligeuza Kijiji cha Sanaa. Fundi aliyethibitishwa kuwa msanii angebaki. Asiyethibitishwa angehamia Kiwanja Namba Tisa, kilomita kumi na mbili nje ya mji. Jirani yake, fundi baiskeli aliyeitwa Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akisimama pale alipokusudia kusimama, alikuwa amekwenda kukitazama kiwanja hicho.

"Kibao kipo," aliripoti aliporudi, suruali imelowa mpaka magotini. "Kizuri sana, kimeandikwa kwa rangi mbili. Kiwanja chenyewe kiko chini ya maji."

Na umeme? Nguzo ya karibu, alisema Breki, ilionekana kwa mbali, ukiwa na macho mazuri.

Barua ilieleza pia sanaa ni nini, ili asitokee mtu wa kubabaisha. Sanaa, kwa mujibu wa kifungu cha nne, ni kazi ya mikono isiyo na matumizi. Fundi Michi alikisoma kifungu hicho mara tatu. Alipeleka mchi alioutia nakshi kutoka juu mpaka chini. Afisa Utamaduni akauliza, "Unatwanga?" Fundi, ambaye hakuzoea kusema uongo kuhusu michi, akajibu kwamba unatwanga vizuri sana. Ukakataliwa. Wiki iliyofuata akapeleka mguu mmoja wa meza, mzuri kuliko yote aliyowahi kuikereza. "Meza iko wapi?" aliuliza afisa. "Hakuna meza." "Basi kazi haijakamilika. Leta na meza." Fundi akasema akileta na meza itakuwa na matumizi. Afisa akafikiri kidogo, akasema, "Hilo ni tatizo lako."

Breki yeye alikuwa ameshapita. Alichomelea fremu mbili za baiskeli zikitazamana, kila moja inataka kwenda kwake, akaiita *Maendeleo*. Afisa alipouliza maana yake, Breki akajibu kwa unyoofu, "Hata mimi sijui, bosi." Afisa akampa mkono. Cheti kilitoka siku ileile, kikiwa na muhuri wa zambarau uliosema IMEPASISHWA KWA KULIWA, kwa sababu afisa alikuwa amehamishwa kutoka machinjioni miezi mitano iliyopita, na muhuri wa utamaduni ulikuwa bado haujafika.

Kwa hiyo leo, Ijumaa ya mwisho ya kupokelewa kazi, Fundi Michi alilitoa gogo la mjakaranda chini ya meza. Mti wenyewe uliangushwa miaka mitatu iliyopita na watu wa umeme, waliosema matawi yake ndiyo yanayokata umeme. Mti ukaondoka, umeme ukaendelea kukatika. Fundi aliomba kipande kimoja, akapaka nta kwenye ncha zake zote mbili lisipasuke, akaliacha likauke bila kujua analiwekea nini.

Sasa alikuwa anajua. Fundi aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, aliwahi kumwonyesha mara moja jinsi ya kukereza chombo cha tumbo pana na mdomo mwembamba, kilichochimbwa ndani kupitia mdomo huohuo, ukuta wake mwembamba kama ganda la yai. Alimwonyesha, kisha akamwambia, "Hiki hutakifanya tena. Hakuna anayenunua." Na kweli hakukifanya tena kwa miaka thelathini.

Kufika saa mbili gogo lilikuwa limetulia. Lilizunguka bila kelele, likionekana limesimama. Fundi akabadilisha patasi, akaanza kulitafutia umbo. Maranda yalitoka marefu, membamba, yakamrukia kifuani na kujikunja kwenye ndevu zake. Kwanza alipata tumbo, akaona limekuwa chini mno, kama la mtu aliyekaa baada ya kula. Akalipandisha. Halafu bega. Bega ndilo lililomsumbua. Alilipunguza kidogo, akazima mashine, akarudi nyuma hatua tano mpaka mgongo ukagusa baiskeli za Breki, akatazama kwa jicho moja, akarudi, akapunguza unywele mmoja tu.

"Sasa umepunguza nini?" aliuliza Breki, aliyekuwa anaziba pancha. "Mimi naona kilekile."

"Kilikuwa kinanuna," alisema fundi. "Sasa hakinuni."

Breki akakitazama chombo. Akaitazama pancha. "Wewe unahitaji chai," akasema.

Saa tatu na nusu alitoboa kati kwa keekee ndefu, kisha akachukua chuma alichokuwa amekipinda usiku wa jana kutoka kwenye springi ya gari, akakiingiza mdomoni mwa chombo. Hapo kazi ilibadilika. Nje unaona unachokata. Ndani huoni kitu. Unasikiliza. Ukuta ukiwa mnene, mti unaguna. Ukianza kuwa mwembamba, sauti inapanda, inakuwa nyembamba pia, na siku utakaposikia filimbi ujue umeshatokea upande wa pili. Kila baada ya muda mfupi unasimamisha, unakung'uta maranda yaliyojaa tumboni, unaingiza waya uliopindwa, unapima.

Alikuwa amepima mara ya nne, ukuta bado mnene kama kidole gumba, mota ilipotoa pumzi ndefu na kunyamaza. Banda zima likanyamaza. Saa tatu na dakika hamsini.

"Wametupunja dakika kumi!" alipiga kelele mchomeleaji mwisho wa banda.

Fundi Michi alikichomoa chuma chake. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, chuma chake kikiwa magotini, akakitazama chombo kilichoshikwa na meno ya mashine, kizuri kwa nje, kizito kwa ndani. Umeme usingerudi mpaka alfajiri. Ofisi ya Utamaduni ilikuwa inafungwa saa kumi.

Breki alikuja akasimama mbele yake, akijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Hiyo mashine yako inazungushwa na mkanda, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mkanda haujui unavutwa na nani."

Iliwachukua zaidi ya saa moja. Walichukua baiskeli ya mizigo ya mteja aliyekuwa hajaja kuichukua, wakaisimamisha juu ya stendi nzito, wakavua tairi la nyuma, wakavusha mkanda kutoka kwenye ringi mpaka kwenye mashine. Mkanda ulikuwa mfupi. Wakasogeza baiskeli. Mkanda ukawa unateleza. Breki akaupaka utomvu uliokuwa kwenye kopo ambalo hakuna aliyekumbuka lilitoka wapi. Halafu akapanda, akatema mate kwenye viganja ingawa hakuwa na haja ya viganja, akaanza kukanyaga.

Breki alikanyaga kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Chombo kilizunguka mbio, kikapunguza mwendo, kikazunguka mbio tena.

"Taratibu!" alisema fundi. "Sawasawa! Usiende kokote!"

"Nazoea kwenda mahali!" alijibu Breki, jasho likimtoka.

Simu yake ikalia mfukoni. Akaacha kukanyaga ili aipokee. Kule ndani, gizani, chuma kiling'ata mti, kikamrusha fundi mkono, na chombo kikatoa mlio mmoja mkavu. Wote wawili wakaganda. Fundi aliingiza kidole, akakizungusha pole kwenye ukuta wa ndani, macho kafumba.

"Kimepasuka?" Breki alinong'ona, simu bado sikioni.

"Kimekwaruzika tu."

"Haya, mama, nitakupigia," Breki aliiambia simu.

Hapo ndipo mke wa fundi alipofika na chakula. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sindano mbili zimechomekwa begani muda wote, kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na wateja ambao walianza kubishana kabla hata hajaweka uzi. Aliweka bakuli juu ya meza, akamtazama mume wake, akamtazama Breki juu ya baiskeli isiyokwenda.

"Mnafanya nini?"

Wakamweleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

"Shuka," alimwambia Breki.

"Shemeji, hii si kazi ya—"

"Nakanyaga cherehani miaka ishirini na sita, saa kumi kwa siku. Wewe umekanyaga nini kwa saa kumi? Shuka."

Akashuka. Mama, yule mke wa fundi, akafunga kitambaa kiunoni, akapanda, akaweka miguu, akaanza. Chombo kikaanza kuzunguka, kikakolea, kikabaki hapohapo. Hakuongeza, hakupunguza. Ungedhani kuna saa ya ukutani mahali fulani inayomhesabia. Fundi alimtazama kidogo kwa mshangao, kama mtu aliyekuta kifaa kizuri ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha akainama, akaingiza chuma.

Walifanya kazi hivyo kwa muda mrefu. Alipotaka mwendo zaidi alisema "kaza kidogo", alipotaka kupima alisema "tulia", na baada ya nusu saa hakusema tena. Mama alikuwa ameanza kuisikia sauti ya mti kama yeye.

"Hapo pamekuwa pembamba," alisema mama mara moja.

Fundi akapima. Milimita tatu. "Umejuaje?"

"Kitambaa pia kinasema kabla hakijachanika." Akapumzisha miguu. "Na ni cha nini hiki?"

"Si cha kitu."

"Ningeweka vifungo vyangu."

"Usiweke vifungo! Wala usiseme vifungo mbele ya afisa! Kikiwa na matumizi tumekwisha."

Mama akacheka, akaanza tena kukanyaga. Baada ya muda akasema, bila kumtazama, "Baba watoto, tangu tuoane umenitengenezea mchi, miiko minne, stuli, ubao wa kupigia pasi na mguu wa kitanda kile ulichokivunja mwenyewe. Hujawahi kunitengenezea kitu kisicho na kazi."

"Hukuomba."

"Na mtu anaombaje kitu kama hicho?"

Fundi akainama, akaendelea kukata.

Saa nane na nusu akaanza kupiga msasa. Msasa ulikuwa umepanda bei mara tatu tangu mwanzo wa mwaka, na mwenye duka sasa aliukata robo robo kama sabuni ya mche. Fundi alikuwa na robo mbili, akazitumia mpaka zikawa karatasi tupu. Kisha akachota maranda ya chombo chenyewe, akayabana kwenye kiganja, akakisugulia kikiwa kinazunguka. Kisha nta ya nyuki. Mti, uliokuwa rangi ya vumbi, ukaamka. Mistari ya kahawia ikatokea tumboni, ikapanda, ikabanana kwenye bega, ikaingia mdomoni. Akakata kitako kwa msumeno mdogo, akakipokea kwa mkono mwingine.

Kilikuwa kimesimama kwenye kitako kisichozidi upana wa sarafu kubwa, kikapanuka taratibu, kikafikia bega ambalo halikununa wala halikutabasamu, kisha shingo fupi na mdomo unaopitisha vidole viwili. Kilikuwa chepesi mno. Breki alipopewa akishike, mikono yake, iliyokuwa imejiandaa kwa uzito, ilipaa juu.

"Kumbe ni kitupu," akasema.

Akakigonga kwa kucha. Kikajibu, kwa sauti ndogo, safi. Breki akamrudishia mama haraka, akaenda kunawa mikono, jambo ambalo hakuwa analifanya hata kabla ya kula.

Mama alikishika muda mrefu. Hakutaja tena vifungo.

"Twende," akasema mwishowe. "Nakuja na wewe. Wewe ukifika mbele ya watu unaongea kama unatoa ushahidi."

Ofisi ya Utamaduni ilikuwa ghorofa ya pili, baada ya Ofisi ya Maji Taka. Saa tisa na dakika arobaini waliingia kwa katibu muhtasi, dada mwenye miwani aliyekuwa akichapa herufi mojamoja kana kwamba kila moja ilitozwa ushuru. Fundi alifungua kitambaa, akakiweka chombo juu ya meza yake.

Dada akaacha kuchapa. "Ee! Jamani, kizuri!" Akanyoosha mkono, na kabla fundi hajazuia akachukua kalamu yake akaitumbukiza mdomoni mwa chombo. Ikasimama vizuri, imeinama kidogo kwa madaha. "Na kinaweka kalamu!"

"Hakiweki!" Fundi aliichomoa kama mtu anayechomoa mwiba. "Dada yangu, tafadhali. Hakiweki kitu chochote."

"Lakini nimeona kimeweka."

"Umeona vibaya," alisema mama, kwa upole wa kutisha.

Afisa Utamaduni alikuwa mtu mkubwa, mtaratibu, mwenye uso wa kuchoka. Alikipokea chombo kwa mikono miwili. Akakinusa. Akakibonyeza tumboni kwa kidole gumba, hapa na pale, akitafuta uvimbe. Kisha akatoa tochi kwenye droo, akakiinamisha, akamulika ndani ya mdomo kwa muda, kama anavyotazamwa koo mbuzi asiyeeleweka.

"Ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, afisa."

"Umeleta hewa?"

"Nimeleta ukuta. Hewa ilikuwapo."

Afisa akamtazama kuona kama anadhihakiwa. Hakuwa. Akavuta fomu. "Jina la kazi?"

Fundi alikuwa hajafikiria jina. "Mjakaranda," akasema.

"Huo ni mti. Maana ya kazi?"

Fundi alimkumbuka Breki. Akafungua mdomo aseme hata yeye hajui, lakini haikuwa kweli, akashindwa. "Maana yake ni kwamba inawezekana," akasema.

Afisa akaandika: *Inawezekana*. "Matumizi?"

"Hakuna."

Kalamu ya afisa ikasimama. Akakitazama chombo kwa masikitiko.

"Fundi. Hiki ni chombo."

"Ndiyo."

"Chombo ni cha kuwekea."

"Hiki hakiwekewi."

"Lakini kinaweza. Mtu akitaka kutia maji, yataingia. Akitia mchele, utaingia. Katibu wangu nimemsikia kutokea hapa." Akaweka kalamu chini. "Sikiliza. Mimi sikuomba kuja huku. Kule machinjioni ng'ombe mzima ni mzima, mgonjwa ni mgonjwa, napiga muhuri naenda kulala. Hapa kila mtu ananiletea kitu ananiambia kina maana. Juzi mtu kaniletea tofali. Sasa mimi nina hiki kifungu cha nne, na juu yangu kuna mtu anayekagua kama nimekifuata." Akakizungusha chombo pole, kidole chake kinene kikifuata bega bila yeye mwenyewe kujua. "Ni kizuri. Nasema kweli. Kwa hiyo nitakusaidia. Kitoboe."

"Nini?"

"Hapa chini. Tundu moja. Kikivuja, hakina matumizi. Kisipokuwa na matumizi, ni sanaa. Napiga muhuri sasa hivi, unabaki bandani mpaka uzeeke. Una keekee?"

Alikuwa nayo, ndogo, ndani ya mfuko wa koti, kama daima. Akaitoa. Akakichukua chombo, akakigeuza kichwa chini, akakibana kifuani, akaweka ncha ya keekee katikati ya kitako. Mahali palikuwa pazuri pa kutoboa. Pangekubali mara moja. Ukuta ulikuwa milimita tatu, yeye ndiye aliyeupima.

Dada wa mlangoni alikuwa ameacha kuchapa. Fundi alifikiria mashine yake, iliyofungwa kwenye sakafu ya banda kwa boliti nne ambazo hazijalegezwa tangu alipoifunga. Akafikiria kibao cha rangi mbili na maji. Akamtazama mke wake. Mke wake alikuwa anatazama dirishani, akisugua paja lililochoshwa na kukanyaga, akimwachia yeye aamue.

"Afisa," alisema fundi, "nikitoboa kitakuwa cha nini?"

"Hakitakuwa cha kitu. Ndiyo raha yake."

"Na sasa hivi si cha kitu."

"Sasa hivi ni cha kitu ila hukitumii. Ni tofauti."

"Ni tundu tu, si ndiyo?"

"Tundu tu. Dogo."

"Basi kama ni tundu tu, fomu ipite bila tundu."

Afisa akapumua. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika mbili. "Fundi, usiwe mkaidi. Ni mti huu. Utakereza mwingine."

Fundi aliirudisha keekee mfukoni, akakiweka chombo mezani. "Nimetoa maranda gunia moja kukifanya kisivuje," akasema. "Sitakitoboa."

Afisa alingoja mpaka saa kumi kamili, labda kwa huruma, labda kwa utaratibu. Kisha akafungua kisahani cha wino, akapiga muhuri kwenye fomu, akampa nakala. Ilisema kwa herufi za zambarau: HAIFAI KULIWA NA BINADAMU. Chini yake afisa akaongeza kwa mkono, kwa mwandiko mzuri, kwamba mwombaji ni mtu wa viwanda vidogo na ana siku ishirini na sita za kuhamia Kiwanja Namba Tisa.

"Pole," alisema afisa, na ilionekana kweli anampa pole. Alikirudisha chombo mwishoni kabisa, baada ya fomu, baada ya nakala, baada ya kuifunga kalamu yake.

Walishuka ngazi. Uani kulikuwa na geti la chuma, na getini mlinzi mwenye sare iliyombana tumboni, mbele yake daftari kubwa lililofungwa kwa kamba.

"Simama. Hicho nini?"

"Ni chetu," alisema fundi. "Tuliingia nacho."

"Mimi nimeingia zamu saa tisa na dakika hamsini, sikuwaona mkiingia nacho. Kila kinachotoka kwenye majengo ya halmashauri kinaandikwa. Wiki iliyopita imetoka feni." Akafungua daftari, akalowesha kidole, akafunua kurasa. "Aina ya kitu?"

Fundi alikuwa amechoka kujibu maswali ya namna ile. "Andika unavyotaka."

"Siwezi kuandika ninavyotaka. Hiki ni kitabu cha serikali. Ni chungu?"

"Si chungu," alisema mama.

"Kopo?"

"Kopo!"

"Hebu lete." Mlinzi akaweka kalamu sikioni, akakipokea. Mikono yake ikapaa juu, kama ya Breki. Akashangaa. Akakigeuza upande, mwanga wa jioni ukapita kwenye bega, mistari ya kahawia ikatembea. Akakigeuza tena ili itembee tena. Nyuma yao lori la Maji Taka lilikuwa limefika linataka kutoka; dereva akapiga honi. Mlinzi hakugeuka. Alikigonga kidogo kwa kucha, akakiweka sikioni, akasikiliza, mdomo ukiwa wazi.

"Aliyefanya ni nani?"

"Yeye," alisema mama.

"Sisi," alisema fundi.

Dereva wa lori akapiga honi mara ya pili, ndefu. Mlinzi akamrudishia mama chombo kwa uangalifu, akachukua kalamu sikioni, akafikiri, kisha akaandika polepole kwenye mstari wake, akiisoma kila herufi kwa midomo. Fundi akainama akatazama. Kati ya *Feni ya dari, moja* na mistari mitupu, mlinzi alikuwa ameandika: *Kitu kizuri, kimoja.*

"Sahihi ya mwenye mali," akasema, akalisukuma daftari mbele yao.

Fundi alinyoosha mkono kuchukua kalamu, lakini mkono wa mkewe ulikuwa umeshafika. Alikihamishia chombo kwenye kwapa la kushoto, akainama, akatia sahihi yake ndefu yenye mkia, ileile anayoitia kwenye risiti za nguo, na mlinzi akafungua geti lote, mapande mawili, ingawa walikuwa watu wawili tu wa miguu.